Kadi Ije Mwisho

Swali ninaloulizwa zaidi ya yote hapa Mombasa ni moja: "Fundi, nina hela kiasi hiki, ninunue kadi gani?" Anamaanisha kadi ya grafiksi, ile inayochora picha za gemu kwenye kompyuta. Swali hilo linakuja kwa WhatsApp, linakuja nje ya msikiti baada ya Ijumaa, linakuja ndani ya matatu ya Bamburi kutoka kwa kijana ambaye hata jina lake silijui. Jibu langu huwaudhi wengi, maana sitaji kadi yoyote. Namuuliza stima ya kwao ikoje, mashine ataiweka wapi, na anaitaka iendeshe skrini gani. Akinijibu hayo matatu, kadi yajichagua yenyewe. Asiponijibu, hata nimtajie kadi ya kutisha vipi, baada ya muda ataniletea mashine inayozima ovyo.

Video nyingi tunazotazama kuhusu mashine za gemu hutengenezwa na watu waliokaa kwenye vyumba vya nyuzi 20 au 22, umeme wao haupepesuki, na dukani wakirudisha kitu wanarudishiwa pesa. Ushauri wao ni wa kweli huko kwao. Huku kwetu, kwenye chumvi na joto na stima ya kubahatisha, mpangilio unageuka: kwanza umeme, pili hewa, tatu skrini, kisha hela iliyobaki ndiyo ya kadi.

Nitatoa mfano mmoja kwa urefu. Mama mmoja wa Mji wa Kale aliniletea mashine ya mwanawe, kaifunga ndani ya leso.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hii yazima yenyewe. Akifungua tu ule mpira wake, yazima. Akifungua masomo, haizimi. Mie naona ndiyo dawa yake, lakini babake keshatoa pesa."

Fundi wa kwanza alikuwa amekwisha kuhukumu: kadi imeungua, nunueni nyingine. Nilipofungua kasha nikakuta prosesa (ubongo wa mashine) ya i5-4570, kadi ya RX 580, na pawa saplai, kile kifaa kinachogawa stima ndani ya mashine, iliyoandikwa 500W kwa maandishi makubwa mekundu. Maandishi hayo mimi huyaruka. Ninachotafuta ni jedwali dogo lililobandikwa ubavuni, kwenye safu ya 12V, kwa kuwa prosesa na kadi zote mbili hula kutoka hapo. Safu hiyo ilisema 18A. Volti kumi na mbili mara ampea kumi na nane ni wati 216. Prosesa ile imekadiriwa wati 84, kadi ile wati 185, jumla 269, na bado hujahesabu feni wala diski. Hizo 500 zilitoka wapi, aulizwe aliyechapisha ile stika.

Sasa hadithi inaeleweka. Kijana akisoma, kadi imelala, mashine nzima haili hata wati mia. Mpira ukianza, kadi inaamka kwa mkupuo, pawa saplai inadaiwa kisichokuwamo, inakata. Na heri inayokata. Zile duni kabisa hazina hata huo ulinzi. Zinaungua, na zikiungua huweza kuondoka na madabodi, ule ubao mkuu unaobeba kila kitu.

Sikuamini hesabu peke yake. Nilitoa kadi, nikachomeka skrini kwenye madabodi, maana i5 ile ina grafiksi yake ndani, na mashine ikawaka usiku kucha bila kulalamika. Kadi nikaitia kwenye mashine yangu yenye pawa saplai ya kuaminika, nikaipa gemu zito, haikutetereka. Mwisho nikarudisha kila kitu mahali pake, nikalifunga gemu lisipite fremu (yaani picha) 30 kwa sekunde, na mpira ukachezeka mpaka mwisho. Kadi iliyokwisha kuzikwa ilikuwa nzima. Kilichonunuliwa ni pawa saplai, na mama aliondoka akinung'unika kuwa sasa masomo ndiyo yamekwisha.

Namna mashine inavyokufa ndiyo yenye kukupa habari, kwa hiyo ukimpigia fundi usimwambie tu "imezima". Ikikata papo hapo, kimya kabisa, mara kazi inapozidi, shuku pawa saplai, halafu ekstensheni, halafu soketi ya ukutani. Ikicheza robo saa, ikaanza kukwamakwama, feni zikapiga mayowe, ndipo ikazima, hilo ni joto. Skrini ikiwa nyeusi lakini feni zinazunguka na watangazaji wa mpira bado unawasikia, tazama kebo ya skrini kwanza, kisha draiva (programu inayoendesha kadi), kisha kadi. Na ikikuletea skrini ya buluu, leo ina jina hili na kesho jina jingine, zima, toa RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda), ubaki na kipande kimoja, ujaribu, kisha ubadilishe. Ipo pia ile isiyowaka kabisa: unabonyeza, feni zinazunguka, skrini haileti kitu. Feni kuzunguka hakuthibitishi chochote zaidi ya kwamba feni ni nzima.

Watu hupenda pia kunitumia picha ya daftari la matukio la Windows, wamezungushia alama nyekundu palipoandikwa Kernel-Power 41. Maandishi hayo yana maana moja tu: mashine ilizimika bila kuagana. Umejua hilo tayari, ulikuwa umekaa mbele yake. Hayasemi sababu.

Tukiwa bado kwenye umeme, tazameni ekstensheni zenu. Nimeshika nyingi zenye plagi ya moto baada ya saa moja ya kucheza, kwa sababu ni waya mwembamba uliobeba mashine, skrini, feni ya chumba na chaja za nyumba nzima. Na zile nyumba za zamani ambazo soketi haina athi, yaani ule waya wa kijani na manjano haufiki popote: ukigusa kasha la chuma miguu ikiwa mitupu sakafuni, linakutekenya. Wengi hudhani madabodi imevuja. Ukweli ni kwamba ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo zinazopeleka mawimbi machafu ya umeme kwenye kasha ili yashuke ardhini; athi ikikosekana, yanabaki kwenye kasha yakikungoja wewe. Dawa ni fundi wa stima kuvuta athi. Kadi mpya haitasaidia, na kuvaa ndara ni kuahirisha tu. Nyuma ya baadhi ya pawa saplai za zamani kuna kiswichi chekundu cha 115 na 230. Huku kwetu ni 240, kwa hivyo kiwe upande wa 230 kabla hujachomeka chochote. Kelele inayotoka ukikosea ni kubwa kuliko unavyodhani.

UPS, ile betri inayoshikilia stima ikikatika, inunuliwe kwa wati, sio kwa VA (volti-ampea). Ile ya 650VA inayouzwa kila mahali kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390 hivi, na skrini imo humo humo. Lengo lake ni kukupa dakika za kuhifadhi na kuzima kwa heshima. Anayetarajia kumaliza mechi atavunjika moyo. Zile za bei rahisi hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi, na pawa saplai nyingine za kisasa hazipatani nao, hivyo stima ikikatika UPS inalia na mashine inazima vilevile. Ijaribu siku ya kununua: washa gemu, chomoa UPS ukutani, utazame. Kama UPS haijafikiwa na bajeti, hata friji gadi ni afadhali kuliko ukuta mtupu, kwa sababu balaa kubwa iko pale stima inaporudi kwa kishindo, na kifaa hicho husubiri mkondo utulie ndipo kiufungulie njia.

Sasa hewa. Mwezi wa tatu, kaskazi ikiwa imechoka na mvua hazijaja, chumba cha ghorofani Majengo chafika nyuzi 32 bila shida. Kifaa kinachopozwa kwa feni hakiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayopulizwa juu yake. Kwa hiyo prosesa ambayo mtu wa ulaya ameipima nyuzi 72 kwenye chumba cha 22, kwako itakuwa karibu na 82, kasha lilelile, feni zilezile. Ukiona namba hizo usikimbilie kununua kipozeo cha maji. Prosesa nyingi za Intel hazianzi kujipunguza kasi mpaka zikaribie nyuzi 100. Tazama kwanza kama hitisinki (chuma cha kupozea prosesa) imezibwa na vumbi, kama pasta ya kupitishia joto imekauka ikawa chokaa, na kama mashine imesukumwa ndani ya kabati la televisheni. Na kama, kwa mapenzi mema kabisa, imefunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi huku inafanya kazi. Hilo la kitambaa nimelikuta mara nyingi kiasi kwamba sasa huuliza kabla sijaondoka nyumbani.

Joto hata hivyo ni mgeni mstaarabu. Huonekana kwenye namba. Chumvi haionekani mpaka imekula. Mashine iliyokaa karibu na dirisha linalotazama bahari, Nyali au Likoni au ufukweni Mtwapa, ukiifungua utaona shaba imeanza ukijani kwenye pembe za madabodi, skrubu zina kutu, na meno ya RAM yamefifia yakawa kama senti ya zamani. Dalili yake ni ile ya asubuhi: mashine ilizimwa salama usiku, alfajiri haiwaki. Unatoa RAM, unairudisha, yawaka. Wiki ijayo tena. Hapo toa RAM na kadi, sugua meno yake polepole kwa kifutio cha penseli cheupe, pangusa makombo, kisha pitisha pamba yenye alkoholi ya isopropili ya kiwango cha juu. Spiriti ya hospitali ina maji mengi ndani yake; ukiitumia, acha ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Halafu hamisha meza. Ukuta wa ndani, mbali na dirisha, kasha liinuliwe kutoka sakafuni, feni za kuingiza hewa zikiwa nyingi kuliko za kutoa na zote zina chujio, ili hewa isitafute matundu mengine ya kuingilia.

Wenye kiyoyozi nao wana lao. Chuma kilicholala kwenye baridi ya nyuzi 20 ukikitoa ghafla kwenye hewa ya masika kinatoka jasho, ndani na nje. Ukihamisha mashine kutoka chumba hicho, iache ikae saa nzima kabla ya kuichomeka.

Kuhusu kompyuta za ofisi za mtumba kutoka Uingereza, zinazoshushwa kwa makontena na kupangwa madukani hadi darini: ni njia nzuri ya kuanzia kwa mwenye hela kidogo, na plagi yake ya pini tatu ndiyo yetu. Lakini zina mitego. Ile nyembamba haipokei kadi ya kimo cha kawaida, inataka kadi fupi. Pawa saplai yake mara nyingi haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo umebaki na kile ambacho tundu la PCIe lenyewe, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi, hutoa, wati 75. Hapo chaguo ni GTX 1050 Ti au GTX 1650, na hata hizo uangalie, maana baadhi ya GTX 1650 zimewekewa tundu la pini 6. Unasema utabadilisha pawa saplai? Ya kawaida ina plagi ya pini 24. OptiPlex 9020 ya Dell hutaka pini 8, EliteDesk 800 G1 ya HP hutaka pini 6. Adapta zipo, ila ulizia kabla ya kulipa. RX 6500 XT inaonekana tamu kwa bei, lakini imepewa njia 4 tu za PCIe, na kwenye mashine ya zamani yenye PCIe 3.0 inabanwa koo. Na jambo la sasa: Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia rasmi kizazi cha 8. Ukiambiwa "i7 hii, bei poa", uliza i7 ya kizazi gani.

Anayeanza upya bila mtumba namshauri kitu ambacho wauzaji hawakipendi: achukue prosesa yenye grafiksi ndani, mathalani Ryzen 5 5600G, RAM mbili badala ya moja, pawa saplai ya maana, skrini ya maana, na kadi asinunue kwanza. RAM ziwe mbili kwa sababu grafiksi ya ndani huitegemea RAM, na vipande viwili huipa njia mbili za kupitia. Atacheza mpira na magemu mepesi ya mtandaoni huku akikusanya. Asichanganye na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, kama i5-12400F. Hizo bila kadi hazileti picha yoyote, na nimeshaletewa zaidi ya moja kama "madabodi mbovu".

Kadi za mtumba nazo zina soko lake. Septemba 2022 Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, iliachana na uchimbaji wa kadi, na kadi zilizokuwa zikichimba usiku na mchana zikatapakaa duniani. Kadi ya kuchimba haina laana; kilichochoka zaidi ni feni na zile pedi za joto, navyo hubadilishwa. Mimi naogopa zaidi kadi ya uongo. Kuna chipu kuukuu kama GTS 450 zilizoandikwa upya bayosi (programu ya ndani ya kadi) zikajiita GTX 1050 Ti. Windows inadanganyika, programu ya bure ya GPU-Z haidanganyiki: kadi ikiwa ya bandia huandika FAKE mbele ya jina lake. Halafu kuna RX 580 2048SP. Hiyo si ya bandia, imetengenezwa hivyo, ila ina vichakataji 2048 ambapo RX 580 kamili ina 2304. Kiutendaji ni RX 570 yenye kofia ya kakake. Ilipiwe bei ya RX 570.

Dukani, washa, iendeshe nusu saa, tazama madoa na mistari, sikiliza feni. Kisha geuza kadi utazame ile bamba ya chuma yenye matundu ya kebo. Ikiwa na kutu, kadi hiyo imekaa pwani sana kabla yako. Muuzaji akikataa isiwashwe, mshukuru uende zako, maduka hayajaisha Mombasa.

Tufike kwenye skrini, ambako ndiko hela nyingi hupotea bila mtu kujua. Kijana wa Kisauni alinunua skrini ya 144Hz, akacheza mwaka mzima karibu, akaniambia haoni tofauti na ile ya zamani. Nilimwomba aingie kwenye mipangilio ya Windows, sehemu ya skrini, mpaka kule ndani kwenye mipangilio ya juu. Pameandikwa 60. Windows mara nyingi huanzia hapo na kukaa kimya. Tukaibadilisha, akasogeza tu mshale wa mausi juu ya skrini, akanitazama. "Ami, yaani hii ilikuwa humu siku zote?" Ilikuwamo.

Hz ni mara ngapi kwa sekunde skrini inabadilisha picha. Ya 60 hubadilisha kila milisekunde 16.7, ya 144 kila 6.9. Kutoka 60 kwenda 144 mtu yeyote anaona. Kutoka 144 kwenda 240, hatua ni ndogo, kama milisekunde 2.8, na ili uifaidi mashine iwe inatoa fremu 240 kweli. Hapa ndipo skrini inapokuchagulia kadi. Skrini ya 1080p ina pikseli (nukta za picha) milioni 2.07, ya 1440p milioni 3.69, ya 4K milioni 8.29. Kwa hiyo aliyenunua 4K ameiambia kadi yake ifanye kazi mara nne. Kadi ya kiwango cha RX 6600, inayokula wati 132 tu, hutosha vizuri kwa 1080p ya kasi. Ukiibebesha 4K utalaumu kadi bure.

Ukubwa nao. Inchi 24 kwa 1080p ni pikseli 92 hivi kwa inchi, maandishi yanasomeka bila kuumiza. Inchi 27 kwa 1080p zinashuka mpaka 82, na ukikaa karibu unaanza kuhesabu punje. Kama roho inataka 27, nenda 1440p na ukubali gharama ya kadi. Televisheni ya inchi 32 ambayo wengi wanataka kuitumia, tazama kijitabu chake: nyingi ni 1366 kwa 768 hata kama zinapokea 1080p, na ndiyo maana maandishi yanaonekana yamelowa. Kama unayo tayari, washa hali ya gemu kwenye televisheni upunguze uchelewaji, ucheze hivyo mpaka utakapojaliwa.

Aina ya paneli, yaani kioo chenyewe cha skrini, huchaguliwa kwa chumba; zinazouzwa sana ni VA (siyo ile ya UPS) na IPS. VA ina weusi mzuri, utofauti wa 3000 kwa 1 hivi dhidi ya 1000 kwa 1 wa IPS nyingi, ila kwenye giza vitu vinavyokimbia huacha mkia. Weusi huo unaufaidi usiku, taa zimezimwa. Sasa nyumba zetu mchana madirisha wazi, mapazia yamepeperushwa na upepo, jua limejaa sebuleni. Kwenye chumba hicho naangalia kwanza skrini iwe na uso usiong'aa na mwangaza wa niti 300 kwenda juu, na nachukua IPS. Ile "1ms" iliyoandikwa kwenye boksi msiipe uzito. Mara nyingi imepimwa kwa mtindo wa kuwashawasha taa ya nyuma, ambao ukiuwasha skrini yenyewe inakuwa na giza.

Kebo ndizo hunipigisha simu nyingi zaidi. La kwanza kabisa: kebo ya skrini ichomekwe kwenye kadi, kule chini kwenye matundu yaliyolala, isichomekwe kwenye madabodi. Ukikosea hapo, umetoa hela ya kadi na picha inapita pembeni yake. La pili: HDMI 1.4 kwa 1080p mara nyingi haipiti 120Hz, na skrini nyingi za kwanza za 144 zilitaka DisplayPort. Tumia kebo hiyo kama tundu lipo. La tatu huwachanganya hata wauzaji. Kebo nyingi za DisplayPort kwenda HDMI zina mwelekeo: DisplayPort ni ya upande wa kompyuta, HDMI ya upande wa skrini. Ukiigeuza haifanyi kazi, wala si mbovu. Na wenye skrini za ofisi zenye VGA pekee: kadi tangu GTX za mfululizo wa 10 hazitoi tena mawimbi ya analogi, kwa hivyo kile kiadapta cha DVI kwenda VGA cha shilingi chache ni pambo. Kinatakiwa chenye chipu ndani.

Chukua pia skrini yenye FreeSync kama bei inakaribiana. Kadi ikitoa fremu 70, skrini inaifuata kwenye 70, picha haikatiki katikati. Tangu Januari 2019 kadi za Nvidia kuanzia GTX 10 nazo hufanya kazi na skrini nyingi za aina hiyo kupitia DisplayPort. Kwenye duka, kabla hujalipa, fungua picha nyeusi tupu, kisha nyeupe, nyekundu, kijani, buluu, utembeze macho pembe zote. Pikseli iliyokufa hujitokeza hapo, na ukishafika nayo nyumbani ni yako.

Limebaki lile la ping, muda wa kwenda hadi kompyuta ya gemu ya mtandaoni (seva) na kurudi, ambalo vijana huja nalo wakitaka kadi mpya. Ukiona namba ya fremu imeanguka, tatizo ni mashine. Namba ya fremu ikiwa imesimama palepale lakini mchezaji anaruka kutoka hapa mpaka pale, tatizo ni mtandao. Kebo za baharini zinatua hapa hapa Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009, EASSy tangu 2010, lakini seva za gemu nyingi haziko huku. Mwanga ndani ya kebo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 6,000 za kebo kutoka hapa, kwenda na kurudi tu ni milisekunde 60, kabla ruta yoyote haijagusa. Hizo hakuna kadi itakayozipunguza. Unachoweza kupunguza ni zile zinazoongezeka nyumbani: vuta waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye mashine, uache Wi-Fi kwa simu, na ndani ya gemu uchague seva yenye ping ndogo hata kama marafiki wako wanacheza kwingine.